Maswali ya Wasomaji: Sahani za Maabara Hazingoji Feri

Mwezi huu tumepokea barua tatu ambazo, ingawa waandishi wake hawajuani, zote zinahusu wiki ya mwanafunzi wa sayansi hapa Mombasa. Ya kwanza ni ndefu, nasi tumeichapisha karibu yote, kwa kuwa mwandishi wake amesema kweli hata pale ambapo kweli hiyo inamuumbua.

SWALI

Mshauri, salaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia na kemia katika chuo kikuu kimoja kisiwani, na ninaishi kwa wazazi wangu Likoni. Naomba nikusimulie wiki yangu moja, kisha uniambie kama nimekosea njia.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa na zoezi la titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kuidondoshea besi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, lakini feri ilisimama ili kuipisha meli iliyokuwa ikiingia Kilindini, na nilipofika maabara fundi alikuwa amekwisha kueleza kila kitu. Nilipima mara tatu nikapata sentimita za ujazo 24.30, 25.10 na 25.60. Jirani yangu alikuwa na 24.30, 24.35 na 24.40, zimepangana kama shanga. Niliingiwa na hofu, nikaandika 24.35 kana kwamba ni yangu.

Jumanne ilikuwa siku njema. Tulikwenda kwenye mikoko ya hori la Tudor saa nne asubuhi, maji yamekupwa kabisa, nami nikawa wa kwanza kutofautisha mchu na mlilana, kwa sababu babu yangu ni mvuvi na alinifundisha majina hayo kabla sijajua kusoma. Mhadhiri aliniita mbele niwaeleze wenzangu. Nilirudi nyumbani na matope hadi mapajani, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu nijiunge na chuo.

Jumatano alasiri tulimimina agari, ule ute wa kuoteshea bakteria, kwenye sahani za petri, tukapandikiza maji ya kisima, na saa kumi tukaziingiza sahani katika inkubeta, lile kabati la joto. Tuliambiwa tuzisome baada ya saa 24. Alhamisi nilikuwa na mtihani wa kati wa takwimu kuanzia saa nane hadi saa kumi, na nilipotoka nilikimbilia feri, kwa sababu jioni huwafundisha watoto wawili wa sekondari huko Likoni, na malipo hayo ndiyo nauli yangu. Ijumaa saa nne nilirudi kwenye mikoko ili nipime upya miti mitatu ambayo vipimo vyake vilikuwa vimefutika kwa maji, nikakuta maji yananifika magotini. Nilipofungua inkubeta alasiri, sahani mbili zilikuwa zimefunikwa na utando mmoja usiohesabika, na ya tatu ilikuwa na ukungu wa kijani. Kabla sijatoka, mhadhiri wa kemia aliniita ofisini kwake. Kumbe kila meza ilikuwa imepewa asidi ya nguvu tofauti, na jibu langu lilikuwa jibu la meza ya jirani. Nimepewa sufuri.

Je, mimi ni mtu wa sayansi kweli? Na wiki kama hii hupangwaje?

Mwanafunzi wa Likoni

JIBU

Mwanangu, waaleikum salaam. Kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka mingi, nami nimeosha bureti, ile mirija ya kudondoshea na kupimia vimiminika, za wanafunzi wa namna yako wengi mno kiasi kwamba barua yako niliisoma huku nikitabasamu, si kwa dharau, bali kwa kuwakumbuka.

Nitaanza na ile 24.35. Katika misukosuko uliyoisimulia, mingine yote ni ya saa: feri, sahani, maji ya hori. Huu peke yake ulikuwa wa kuamua, na uliamua vibaya. Ajabu ni kwamba tarakimu ulizozitupa zilikuwa na mengi ya kusema kuliko zile ulizozichukua. Hebu zitazame tena: 24.30, kisha 25.10, kisha 25.60. Zinapanda tu, hazirudi nyuma hata mara moja. Mtu anayekosea ovyo hupanda na kushuka, ilhali mtu ambaye tarakimu zake zinapanda daima ana jambo moja analolirudia, tena kila mara analizidisha.

Dhana yangu ni hii. Ulikuwa na asidi kwenye chupa ya koni na sodiamu haidroksaidi kwenye bureti, na kiashiria chenu kilikuwa fenolfthaleini, ambayo haina rangi ndani ya asidi na hugeuka waridi besi inapozidi kidogo tu. Mwanafunzi aliyekosa maelezo ya mwanzo huona waridi hafifu imeingia, akaisubiri, ikafifia, akadhani kazi haijaisha, akaongeza matone. Kumbe rangi ile hufifia yenyewe, kwa sababu chupa iliyo wazi hunyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kaboni dayoksaidi ikiyeyuka majini huwa asidi dhaifu. Kanuni ni kwamba waridi hafifu ikidumu nusu dakika baada ya kuzungusha chupa, umefika. Ikipotea baadaye, hilo si shauri lako. Tone moja la bureti ni kama sentimita za ujazo 0.05, kwa hiyo tofauti kati ya kipimo chako cha kwanza na cha pili ni matone 16 hivi. Mtu mwenye wasiwasi huyaongeza bila kujihisi.

Huenda nimekosea, na sababu ikawa kwamba uliisuuza chupa ya koni kwa asidi ileile badala ya maji yaliyotoneshwa, kosa ambalo nililiona karibu kila muhula. Bureti na pipeti husuuzwa kwa kile zitakachokibeba, kwa kuwa tone la maji lililobaki ndani yake litakizimua. Chupa ya koni husuuzwa kwa maji matupu, kwa sababu ukiisuuza kwa asidi, mabaki yake hujumlishwa na zile sentimita 25 ulizozipima kwa uangalifu, na bureti hulazimika kutoa zaidi. Zipo pia sababu nyingine ndogo, kama vile kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, au faneli iliyosahauliwa juu yake ikawa inadondosha. Na usisahau hali ya hewa ya kwetu: chembe za sodiamu haidroksaidi zikiachwa wazi katika unyevunyevu wa Mombasa hulowa mbele ya macho yako, na ndiyo maana nguvu ya myeyusho wake haiaminiwi mpaka ipimwe kwanza kwa kitu kinachoaminika, kama vile asidi oksaliki.

Ungeandika tarakimu zako tatu, kisha chini yake aya moja ukisema kwamba hazikubaliani, kwamba zinapanda, na kwamba unashuku umepita mwisho kwa sababu hukuwa na hakika ya rangi, mhadhiri anayeijua kazi yake angekupa alama kadhaa kwa aya hiyo peke yake. Sisemi angekupa zote. Huko maabara tulikuwa na neno la kupika matokeo, na wapishi walidhani hatuwaoni. Tuliwaona. Data za kweli zina mikwaruzo, zilizopikwa zinang'aa.

Basi la kufanya ni hili. Mwendee mhadhiri, tena mapema wiki ijayo kabla hasira haijawa mazoea, umwambie ulichofanya bila kuitaja feri. Feri ni kweli ilikuchelewesha, lakini feri haikuandika 24.35. Mpelekee karatasi yenye tarakimu zako za awali, kama hukuitupa, na umwombe ruhusa ya kurudia zoezi hata kama sufuri itabaki palepale. Akikataa, zungumza na fundi wa maabara. Mafundi huwa na saa za alasiri ambazo hazimo kwenye ratiba ya mtu yeyote, na wengi wao hawawezi kumkatalia mwanafunzi anayeomba kufanya kazi isiyo na alama.

Sasa sahani. Bakteria kama zile za jamii ya *Escherichia coli*, zikipata chakula na joto la nyuzi 37, zinaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Ukianza na moja, baada ya saa 10 zimegawanyika mara 30, na hesabu yake inapita bilioni moja. Mgawanyiko huo hupungua chakula kikipungua, lakini unaona kwa nini saa 24 si maneno ya kujaza ratiba. Sahani inayofaa kuhesabiwa ni ile yenye koloni, yaani vidoa vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, kati ya 30 na 300, na ulipozifungua zako Ijumaa alasiri, koloni zilikuwa zimekwisha kuungana kama madoa ya mafuta juu ya mchuzi. Dawa ya jambo hili ni rahisi kiasi cha kuudhi: Alhamisi saa kumi ulihitaji mtu mmoja tu wa kuzitoa sahani katika inkubeta na kuziweka kwenye jokofu la maabara kwenye nyuzi 4, ambako bakteria hao karibu husimama. Hazikuhitaji kusomwa saa ileile, zilihitaji kusimamishwa. Mwenzako wa kundi angeweza kufanya hivyo kwa dakika mbili, na fundi pia, lau ungemwachia kikaratasi.

Ule ukungu wa kijani una asili nyingine. Nakisia kwamba Jumatano kulikuwa na joto, panka lilikuwa linazunguka juu ya vichwa vyenu, na vifuniko vya sahani vilikaa wazi mkingoja agari ipoe. Vijimbegu vya ukungu vimo hewani kila mahali, na panka huvisukuma moja kwa moja kwenye sahani. Zima panka, vumilia jasho, fungua kifuniko upande mmoja tu kama mtu anayechungulia chungu cha wali, na mimina agari ikiwa imepoa kiasi cha kushikika chupa yake mkononi, kwa sababu ikiwa moto sana hutoa matone ya mvuke kwenye kifuniko na matone hayo hudondoka na kuzichanganya koloni. Kwa sababu iyo hiyo sahani huatamizwa zikiwa zimepinduliwa. Najua rafiki atakuja kukuliwaza kwa kisa cha Alexander Fleming, ambaye mwaka 1928 huko London aliikuta sahani yake imeingiliwa na ukungu na mambo yakaishia kwenye penisilini. Kisa ni cha kweli, ila Fleming alikuwa amewachunguza bakteria wale kwa muda mrefu na alijua hasa kilichokuwa kimebadilika. Wewe andika tu kwamba sahani ya tatu iliingiliwa.

Kuhusu mikoko, hapo mwanangu nimekushangaa, maana wewe ni mjukuu wa mvuvi. Ulikwenda Jumanne saa nne ukakuta maji yamekupwa, ukadhani Ijumaa saa nne yatakuwa vilevile. Muulize babu yako. Kupwa na kujaa hufuata mwezi, na mwezi huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Siku 3 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Maji yaliyokupwa Jumanne saa nne yangekupwa Ijumaa karibu na saa sita na nusu, na kwa kuwa bamvua, yaani siku za maji makubwa, lilikuwa linaanza kupungua, hata hapo yasingetoka mbali kama Jumanne. Bamvua kubwa huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati yake kuna maji mafu ambayo hayaendi mbali wala hayaji mbali. Mizizi ya mchu, ile inayosimama kama penseli zilizochomekwa matopeni ili ivute hewa, inaonekana vizuri maji yakiwa yametoka, na mlilana, wenye mizizi minene ya umbo la pembe, ndio unaokaa upande wa bahari zaidi. Kwa hiyo ukikosea saa, mlilana ndio utakaoukosa kwanza.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kupanga wiki. Ratiba ya chuo inayachanganya mambo yote kana kwamba yana uzito mmoja, ilhali yapo yanayokungoja na yapo yasiyokungoja. Bahari haikungoji, sahani hazikungoji, mtihani haukungoji. Ripoti, kusoma, kunakili na hata kufundisha watoto vinaweza kusogea. Jumapili jioni, chukua karatasi moja, uandike kwanza yasiyongoja pamoja na saa zake, ukianzia na jedwali la maji kupwa na kujaa kwa wiki nzima, kisha uyapange mengine katika nafasi zilizobaki. Ungefanya hivyo, ungeona tangu Jumapili kwamba sahani zako na mtihani wako vingegongana Alhamisi saa kumi, na ungeomba sahani ziandaliwe mapema zaidi au ungemtafuta mtu wa jokofu. Watoto unaowafundisha usiwaache, kwa sababu nauli ni nauli, lakini zungumza na wazazi wao ili katika wiki za sahani somo la Alhamisi lihamie Jumamosi. Mzazi akiambiwa siku tano kabla hukubali, akiambiwa saa moja kabla hununa. Na siku ya maabara ya asubuhi vuka nusu saa mapema zaidi kuliko kawaida, siku hiyo tu, kwa kuwa meli za Kilindini hazitaacha kuingia kwa ajili yako.

Ripoti, hata hivyo, isisogee mbali. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba alichojifunza kilipotea kwa kasi kubwa zaidi katika saa za mwanzo, kisha upotevu ukapungua. Ukiwa umesimama kwenye foleni ya kuvuka kurudi Likoni, andika sentensi tano katika daftari lako juu ya ulichokiona siku hiyo, zikiwemo rangi, harufu na mashaka. Usiandike ripoti nzima, foleni haina meza.

Na kama wewe ni mtu wa sayansi? Jumanne ulisimama matopeni ukawaeleza wenzako tofauti ya mchu na mlilana. Sina la kuongeza.

SWALI

Bwana Mshauri, hujambo. Binti yangu anasomea mikrobiolojia na huja nyumbani Kisauni kila Jumamosi. Siku hizi anakuja na vidole vya rangi ya zambarau, si hina wala piko, na hakuna harusi yoyote niijuayo. Anaingia jikoni na lile koti lake jeupe, kisha analala hadi alasiri. Nikimuuliza anacheka. Je, ni dawa gani wanawapaka huko?

Mama wa Kisauni

JIBU

Mama, sijambo, nakushukuru. Ondoa wasiwasi juu ya rangi, ila bakisha kidogo juu ya koti.

Zambarau ile ni kristali violeti, rangi ya kwanza katika mbinu aliyoieleza Mdenmarki Hans Christian Gram mwaka 1884, ambayo hadi leo wanafunzi hufundishwa karibu mwanzoni kabisa. Bakteria hupakwa zambarau, wakatiwa iodini, wakaoshwa kwa spiriti, kisha wakapakwa rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wengine huonekana wekundu. Vidole vya binti yako havina ukuta wa namna hiyo, lakini ngozi huishika rangi kwa siku kadhaa mpaka ijichubue yenyewe. Asivisugue kwa dawa ya kung'arishia nguo. Mwambie tu kwamba umeambiwa kuna glavu, na umtazame usoni, maana anajua.

Koti ni jambo jingine, na hapo una haki ya kuwa mkali. Koti la maabara halivaliwi barabarani, halipandi matatu, na halifiki jikoni hata kidogo, kwa sababu linavaliwa hasa ili vimelea na kemikali viishie kwenye koti. Alibebe ndani ya mfuko uliofungwa, lifuliwe peke yake kwa maji ya moto, lisichanganywe na kanga zako wala shuka. Kuhusu usingizi wa Jumamosi, mwache alale, kisha mpe mahamri na mbaazi akiamka, na kazi ya vyombo baadaye. Anadaiwa usingizi wa wiki nzima.

SWALI

Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia, Changamwe. Katika wiki ya mitihani hunywa kahawa chungu ya dele hadi saa nne za usiku ili nisome mpaka alfajiri, lakini siku ya mtihani akili yangu huwa kama imefungwa. Je, niongeze vikombe au nipunguze?

Msomaji wa Usiku

JIBU

Punguza. Kwa mtu mzima wa kawaida, mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu ya kafeini iliyonywewa. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa usiku nusu ya kahawa hiyo bado inafanya kazi mwilini mwako, kwa hiyo hata ukifumba macho usingizi unaoupata ni mwepesi, na usingizi ndio wakati ambapo ubongo hukitia mahali pake kile ulichokisoma mchana. Badala ya kukesha ukisoma tena kurasa zilezile, funga kitabu na ujiulize maswali kwa kuyaandika majibu bila kuchungulia. Kwenye fizikia hasa, maswali matano yaliyofanywa hadi mwisho, pamoja na vizio vyake, yanakufaa kuliko sura nzima iliyopigiwa mstari.

Simwonei mwenye dele, tena kahawa yake naipenda. Kunywa baada ya alasiri, vikombe viwili vile vidogo pamoja na kipande cha halua, na cha mwisho kiwe kabla ya adhana ya magharibi.